Aliyeonja Kwanza

Vestina alikuwa amekwisha kuamua. Aliamua kabla hajavaa gauni la samawati alilojishonea mwenyewe, kabla Siti hajaja kumpitia, kabla jua halijaegemea vilima vya Heru. Angekwenda ukumbini, asikilize nyimbo mbili tatu kama wasichana wengine, na bendi ikipumzika amfuate Wilondja, mpiga gitaa, ampe neno moja la kwaheri. Basi. Jumapili watu wa Melkiadi wangeingia kwa baba yake kule Kumsenga na pombe ya posa, baba angemwita mbele ya wazee amwulize kama inyweke, naye angejibu, "Ego." Ndiyo. Moyo ungezoea. Moyo ni kama mguu, ukiutia kwenye kiatu kipya unalia siku za kwanza tu.

Mchana ule wote shangazi yake, Ininahazwe, alikuwa amemsimamisha uani mbele ya mtungi mtupu, akimfundisha.

"Tena," alisema shangazi. "Baba yako ameuliza, wewe umekubali. Halafu?"

"Nachukua mrija."

"Halafu?"

"Naonja mimi kwanza, ili ajue simpi sumu. Halafu namgeuzia."

"Mrija upi?"

"Huohuo wangu."

"Huohuo. Wageni wengine wana mirija yao, hata wakiwa wakubwa namna gani. Wako ni wa mtu mmoja tu, na ukishamgeuzia mbele ya watu, umemaliza, huyo ndiye mumeo. Mikono miwili, mwanangu. Na magoti yajue kukunjika. Wewe si mlingoti."

Vestina alirudia mpaka mikono ikashika somo, ikawa inakwenda yenyewe bila kuulizwa. Jioni, alipokuwa anafunga viatu, shangazi alisimama mlangoni akamtazama kwa muda.

"Unakwenda kusikiliza, au unakwenda kutazama?"

"Kusikiliza, shangazi. Kesho kaka Sylvesta ananirudisha Kumsenga. Nataka kuagana na wenzangu."

"Wenzako," shangazi alisema, akaliacha neno hilo hapo mlangoni bila kuliongezea kitu.

Siti alikuwa anamngoja njiani akiwa na kijana wa mkokoteni na kreti za soda. Alikuwa binti wa Mzee Khamisi mwenye duka karibu na soko, msichana mwenye ulimi mwepesi uliotoka pwani pamoja na bibi yake, na haukuwahi kuchoka na safari. Baba yake asingemruhusu kuukaribia muziki hata kwa hatua moja, ila bendi ilikuwa na wasikilizaji, wasikilizaji wana kiu, na Mzee Khamisi alikuwa na soda.

"Shoga, umependeza mpaka inauma," Siti alisema. "Kwa mtu anayekwenda kumuaga mwanamume, ungevaa gunia."

"Sina gunia."

"Ungeniambia, dukani yamejaa. Haya, shika mkokoteni. Na nakuambia mapema, chupa moja ikipotea baba ananichinja mimi, si nyinyi wapenda bluzi."

Siku nzima gari lenye spika lilikuwa limezunguka Kasulu likitangaza: bluzi laivu, bendi kamili ya vijana wa Nyarugusu, si kaseti, si redio. Ilikuwa lazima waanze mapema, giza likiingia tu, kwa sababu wanamuziki walitoka kambi ya wakimbizi kwa kibali, na lori lililowaleta lilitakiwa kuwarudisha kabla usiku haujakomaa. Kwa hiyo watu walikuja na vumbi la shambani miguuni. Jenereta lilinguruma nje, na bibi muuza karanga alikuwa amekwisha kukalia kigoda chake pale mlangoni, mahali ambapo mtu haingii wala hatoki bila kuonekana.

Vestina alimwona Wilondja kabla Wilondja hajamwona. Alikuwa ameinama jukwaani anakaza nyuzi za gitaa, amevaa shati jeupe lenye kola aliyoishona yeye Vestina. Ndivyo walivyojuana. Shangazi alikuwa akienda soko la kambini kununua vitenge kwa akina mama wa Kikongo, na siku moja kijana mrefu akawafuata mpaka Kasulu na shati lililochanika shingoni. Alikaa kwenye benchi kando ya cherehani kungoja. Kola ilikwisha, yeye hakuondoka.

"Mashine yako inaimba," alimwambia. "Ongeza mguu kidogo. Sasa punguza. Ile, ile ndiyo."

Wiki mbili baadaye alirudi na wimbo wa gitaa usiokuwa na neno hata moja, unaokwenda polepole kama mguu wa mshonaji kwenye pindo refu. Tangu siku hiyo Vestina hakuweza kushona bila kusikia vidole vya mtu.

Habari zikamfikia baba. Mzee Nkunzimana hakupiga kelele. Alituma neno kupitia kwa Sylvesta, na Sylvesta, ambaye hasahau neno la baba, alilileta kama lilivyo: "Mwambie dada yako kwamba mimi nimelala chini ya turubai kambini. Nimepanga foleni ya unga na mama yenu akiwa na mimba tumboni. Nililia siku niliyopata jembe langu na shamba langu. Sirudishi damu yangu kwenye foleni." Mwezi haukwisha, Melkiadi akapatikana.

Bendi ilianza na nyimbo za kuchangamsha. Watu wakarusha vumbi. Siti alifungua chupa, akacheka na wanunuzi, akatukana wawili waliotaka kuondoka na chupa. Vestina alisimama kando ya kreti, akijiambia wimbo ukiisha, wimbo ukiisha.

"Mungu wangu," Siti alinong'ona ghafla. "Usigeuke."

Vestina aligeuka. Kaka yake Sylvesta alikuwa anapita kwa bibi wa karanga, na nyuma yake, amevaa koti la kahawia na viatu vilivyopigwa rangi, alikuja Melkiadi.

"Dada," Sylvesta alisema alipofika. Alitabasamu kwa mdomo peke yake. "Shemeji alikuwa na mzigo wa maharage Kasulu. Nikasema, kwa nini asikuone kabla ya Jumapili? Au tumekuja vibaya?"

"Karibuni," Vestina alisema. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Salimia na mgeni."

"Habari za safari?"

"Nzuri, binti Nkunzimana," Melkiadi alijibu. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa ya mtu aliyebeba magunia kabla ya kuyamiliki. "Barabara ni mbovu, lakini tumefika."

Hapo ndipo taa zilipopunguzwa. Mpiga ngoma alibadilisha mwendo, gitaa likashuka, na sauti nzito kwenye kipaza sauti ikasema sasa ni saa ya bluzi, kila mtu na wake. Vestina alizijua nota zile kabla hazijatimia. Ulikuwa wimbo wa mashine yake.

"Mchukue, shemeji," Sylvesta alisema. "Si wako mwenyewe?"

Melkiadi alimnyooshea Vestina mkono. Watu walikuwa wanatazama. Vestina akautoa wake.

Walicheza kama watu wawili wanaobeba meza. Mkono wa Melkiadi ulikaa mgongoni pake kwa heshima, wala haukushuka wala haukubana. Kila walipogeuka, Vestina aliliona jukwaa, na kila alipoliona jukwaa, macho ya Wilondja yalikuwa juu yake. Vidole vya kijana havikukosea nota hata moja. Lakini uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Mimi si mchezaji," Melkiadi alisema. "Nikikukanyaga nivumilie."

"Hujanikanyaga."

"Bado." Wakageuka mara moja zaidi. "Kaka yako amenieleza kuna mpiga gitaa. Akaniomba nijifanye sijui. Mimi nafanya biashara, Vestina. Gunia nalifungua juu na chini kabla ya kulipakia. Siwezi kuoa nikiwa nimefumba jicho moja."

Vestina alihisi jasho likimtiririka ubavuni.

"Nilikuja kumuaga," alisema.

"Umemuaga?"

"Bado."

"Basi wakipumzika nenda ukamuage. Mimi nitakaa pale na kaka yako. Nitamshika asiinuke. Ukimaliza, uje tuongee mambo yetu. Sitakuuliza tena maisha."

Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Vestina alitamani amkanyage, amtukane, anuke pombe. Melkiadi alinuka sabuni.

Wimbo ulikwisha na bendi ikashuka kupumzika. Siti alimtia Vestina chupa ya soda mkononi, ina mrija, baridi kidogo.

"Uwe na kitu cha kushika," alisema. "Mtu anayeaga mikono mitupu huishia kushika mambo mengine."

Wilondja alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, gitaa mapajani. Shati lilikuwa limemganda mwilini.

"Vestina," alisema. "Uko na sura ya matanga. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuaga."

Alisema. Lilikuwa limetoka, na dunia haikupasuka. Wilondja alikaza uzi ambao haukuwa umelegea.

"Ni yule mwenye koti?"

"Ni yeye. Jumapili wanaleta pombe kwa baba."

"Ni mtu mubaya?"

"Hapana. Ni mtu mzuri."

"Bon, sawa." Aliinamisha kichwa. "Ile ndiyo mubaya zaidi. Mutu mubaya ningegombana naye." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamshika, akajipiga kifua. "Koo imekauka. Tangu jioni minaimba. Uko na maji?"

Na hapo, mikono ya Vestina ikafanya ilichofundishwa mchana kutwa.

Haikumwuliza. Iliinua chupa. Aliinamia mrija akavuta funda moja, kisha akaugeuza mrija uleule kuelekea kwa Wilondja, mikono miwili chini ya chupa, magoti yakakunjika kidogo. Wilondja akainama akanywa. Alikunywa kama mtu mwenye kiu, amefumba macho, hajui lolote. Kwao, ng'ambo ya ziwa, soda ni soda.

Lakini watu wa pale ukumbini hawakuwa wa kwao. Bibi wa karanga alikuwa ameona kila kitu. Alipiga makofi mawili ya taratibu na kusema kwa Kiha, kwa sauti ya mtu anayetoa habari wala hatanii, kwamba jamani, tumekuja kusikiliza muziki, kumbe tumealikwa harusini.

Wa karibu walicheka. Wa nyuma yao waliuliza kuna nini. Halafu kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma, kwa sababu Sylvesta alikuwa amesimama, na koti la kahawia nalo limesimama kando yake.

Vestina aliutazama mrija. Ulikuwa bado mdomoni mwa Wilondja.

"Umefanya nini?" Sylvesta aliuliza alipofika. Hakupaza sauti. Mshipa wa shingo ndio uliopaza. "Mbele ya watu wote hawa, Vestina?"

"Kaka," Wilondja alisema, akisimama, chupa mkononi. "Kuna shida gani? Ni soda tu. Nilikuwa na kiu."

"Wewe nyamaza. Sijakuita kaka yangu."

Siti aliruka kreti zake akaja mbio. "Kaka Sylvesta, ngoja, ngoja. Ni mazoea. Leo mchana kutwa shangazi yenu alikuwa anamfundisha mambo ya Jumapili, nenda kamwulize. Mkono umejiendea wenyewe. Hata mimi nikipiga hesabu dukani mchana, usiku naota nahesabu. Si ndiyo, Vesti? Sema ni mazoea."

Alimminya kiwiko. Sema.

Ulikuwa mlango, na Siti ameushikilia wazi kwa nguvu zake zote. Vestina aliuona. Neno moja tu, watu wangecheka, bibi angerudi kwenye karanga zake, na kaka angepumua. Alifungua kinywa, lakini Melkiadi alikuwa amefika.

Alimtazama Wilondja kwanza, bila chuki. Kisha akamgeukia Vestina.

"Siti anasema ni mazoea," alisema. "Inawezekana. Mkono ukifundishwa kitu, hufanya." Alinyoosha mkono kwa Wilondja, akaichukua chupa kwa upole, akaiweka mikononi mwa Vestina. Ilikuwa imebaki nusu. "Kama ni mazoea, na mimi nina kiu. Nionjee."

Jenereta la nje lilisikika kama limeingia ndani. Wilondja aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtu wa kumwelewesha, akakosa.

Vestina alishika chupa kwa mikono miwili. Lilikuwa jambo dogo. Funda moja. Alimwona baba yake akiwa kijana, amesimama kwenye foleni na bakuli. Alimwona akilia juu ya jembe. Aliona nyumba ya bati ya Melkiadi kule Kibondo, na magunia, na watoto walioshiba, na mume asiyeuliza swali mara mbili. Vyote vilikuwa vizuri. Aliuinua mrija ukafika kwenye midomo.

Midomo haikufunguka.

Alingoja. Alikuwa msichana wa kungoja. Alijua kuukalia uzi uliojifunga fundo mpaka ulegee. Aliingoja midomo yake mwenyewe, na watu wote wakangoja pamoja naye, na haikufunguka. Hapo akajua kwamba ule mkono haukuwa umekosea. Ndio peke yake uliokuwa umesema kweli tangu asubuhi.

Alimrudishia Wilondja chupa. Akaenda kwenye kreti, akainama, akatoa soda nyingine, akaifuta vumbi kwa pindo la gauni. Akarudi akaitoa kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kwa heshima yote aliyokuwa nayo.

"Hii haijafunguliwa, kaka Melkiadi," alisema. "Kifungulio anacho Siti."

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi.

"Kaka," Melkiadi alirudia. Aliipokea chupa, akakitazama kizibo chake. "Nashukuru umenijibu leo. Jumapili ungenijibu mbele ya wazee wangu."

"Shemeji, huyu ni mtoto, hajui asemalo," Sylvesta alisema.

"Anajua. Tena usiniite shemeji, tutaoneana haya." Aliiweka chupa jukwaani, haijafunguliwa. "Pombe nitaiacha Kibondo. Mwambie mzee hatuna kesi."

Alitoka kwa mwendo wake uleule. Pale mlangoni bibi wa karanga alimsogezea kigoda njia ipanuke, ingawa njia ilikuwa inatosha.

Sylvesta alimkamata Wilondja shati, palepale kwenye kola. Vestina aliingia katikati yao, kifua chake kikagusa ngumi ya kaka yake.

"Yeye hajui, kaka. Mimi ndiye ninayejua. Ukitaka kupiga, nipige mimi."

"Unajua atakachosema baba?"

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Halafu nitamsikiliza mpaka amalize."

Ngumi ililegea kidogo kidogo, kidole baada ya kidole. Kola ilikuwa haijachanika. Nje, honi ya lori ililia, dereva akitaka watu wake.

"Nifahamishe," Wilondja alimwambia Vestina. "Mie peke yangu humu ndani ndiye mujinga."

Alimweleza. Kwa maneno machache, akitazama chini: mtungi, mrija, anayeonja, anayegeuziwa. Wilondja alisikiliza mpaka mwisho. Aliitazama chupa, akautazama mrija kama mtu anayeona kitu alichokipita njiani kila siku bila kukiokota.

"Hata kama ningejua," alisema, "ningekunywa."

Sylvesta aliugeukia ukuta.

"Mzee wako anakaa wapi?" Wilondja aliuliza.

"Kumsenga, upande wa Kibondo. Hatakupokea."

"Nitaomba kibali."

"Nimekuambia hatakupokea. Yeye amewahi kuishi kama unavyoishi wewe. Ndiyo maana."

"Basi atanijua haraka," Wilondja alisema. "Nitakaa nje ya boma mpaka atoke."

Honi ikalia tena, ndefu. Alitia gitaa begani, akatoka mbio na wenzake, chupa bado mkononi. Siti alimwona nayo lori lilipoanza kusogea.

"We! Chupa ya baba yangu!"

"Nitairudisha!" Wilondja alijibu kutoka juu ya lori.

"Asipoirudisha nachinjwa mimi," Siti alisema, lakini alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Afadhali airudishe mwenyewe. Soda tamu gani hii, jamani."

Njia ya kwenda kwa shangazi ilikuwa na mwezi mdogo. Sylvesta alitangulia, mikono mfukoni, na Vestina alimfuata nyuma kama alivyomfuata tangu utotoni wakienda kisimani. Wakalipita soko. Hapo Sylvesta alisimama bila kugeuka.

"Kesho mzee ataniuliza. Hataniuliza ya bendi, wala ya Melkiadi. Ataniuliza kitu kimoja tu: kama ulionja kwanza."

"Mwambie nilionja."

Sylvesta alipiga kokoto kwa ncha ya kiatu, ikaviringika gizani.

"Basi," alisema, akaanza kutembea tena, safari hii polepole, ili dada yake aje ubavuni pake.